Damu ya Mtukufu Itawakilishwa

Jamhuri ya Daima haipo popote, na msomaji anayedhani anaifahamu tunamwomba akae kimya kama wenzake. Sisi tunaisimulia kwa sababu ni nchi nzuri, yenye amani, milima, na barabara ya lami inayotoka uwanja wa ndege hadi Ikulu bila kupita kwa mtu yeyote. Nchi nyingine hutupa vitu hovyo, lakini Daima haitupi kitu. Lifti ya Wizara ya Ujenzi ilikwama siku jengo lilipofunguliwa, ila mwendesha lifti yupo, anavaa sare, na amepandishwa cheo hadi kuwa Mkurugenzi wa Kupanda na Kushuka. Waziri wa Vijana huingizwa ofisini juu ya kitanda cha magurudumu. Sheria inayokataza magari kuwapita punda wa Serikali ingali na nguvu zake, ingawa punda wa mwisho alifia kazini.

Jambo jingine la kujivunia huko ni uwakilishi. Mkubwa wa Daima haendi mahali mwenyewe. Humtuma mwakilishi, mwakilishi humtuma kaimu wake, kaimu humtuma aliyekuwa karibu na mlango, na huyo husoma hotuba yote bila kuruka hata pale palipoandikwa "mimi mwenyewe nimefurahi sana kufika hapa leo". Watu hupiga makofi. Kuna afisa mmoja wa mipaka aliyewakilishwa kwenye ndoa yake mwenyewe. Sasa ana watoto wengi, wote wazuri, nao wanafanana sana na mwakilishi.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke mmoja msumbufu, Dkt. Siwema, mtafiti wa Maabara ya Taifa. Usumbufu wake ulikuwa huu: alitaka kujua. Kwao, Bonde la Kidete, kulikuwa na watoto waliokuwa wakikakamaa. Mtoto huanza kutetemeka mkono, kisha vidole hukataa kukunjuka, kisha miguu hufuata. Mmoja wao aliitwa Chausiku, mwenye miaka saba, na alikuwa ameshindwa kushika kikombe. Katika nchi jirani, ng'ambo ya mto, ilikuwapo hospitali yenye dawa ya kulegeza viungo vya namna hiyo, lakini ilimpokea tu mgonjwa aliyethibitishwa kwa kipimo kwamba mwilini mwake inakosekana protini fulani. Bila kipimo, hakuna dawa. Kwa hiyo Dkt. Siwema aliagiza chupa moja ya kingamwili ya kuinasa protini hiyo, na mama yake Chausiku akawa anampigia simu kila mara.

"Mwanangu, ile dawa imefika?"

"Si dawa, mama. Ni kipimo. Kikifika ndipo dawa itakapokuja."

"Basi kije, mwanangu. Mtoto sasa namnywesha kama kinda."

*

Chupa ilifika forodhani ikiwa ndani ya boksi la barafu. Ilikuwa ndogo kama kidole cha mwisho cha mkono, na ndani yake mlikuwa na matone ya kuhesabika. Afisa Forodha aliigeuza, akaisoma, akaigeuza tena.

"Hapa pameandikwa sungura, dada."

"Ndiyo, kaka. Hii ni kingamwili. Sungura huchanjwa ile protini tunayoitafuta, mwili wake hutengeneza kitu cha kuikamata, na kitu hicho ndicho kilichomo humu. Kinanasa protini hiyo moja tu."

"Sungura mwenyewe yuko wapi?"

"Alibaki huko ilikotoka chupa."

Afisa alivua miwani kwa huzuni. "Dada yangu, mnyama ameingia nchini kwa karatasi, ila kwa mwili hajaingia. Muhuri wa mifugo nitaugonga wapi? Kwenye hewa?"

Dkt. Siwema alieleza, akaeleza tena, na barafu nayo ikaanza kutoa machozi mezani. Aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, mfanyabiashara wa matairi aliyeijua nchi yake, akamnong'oneza: "Wewe mama, si umlete mwakilishi?" Siwema alikimbia sokoni, akarudi na sungura wa kienyeji aliyekuwa anauzwa kwa kitoweo. Afisa akamgonga muhuri sikioni, akampa mkono wa kulia, na kumwambia karibu Daima. Chupa ikatoka. Sungura naye akawa mali ya Serikali, akapangiwa kituo cha kazi Maabara ya Taifa, na tangu siku ile hakuna aliyethubutu kumla.

*

Mambo yangeishia hapo kwa heri kama Waziri wa Afya, Furaha na Mazishi asingependa sherehe. Alisikia kuna chupa mpya, akaamuru izinduliwe. Utepe ulifungwa kwenye jokofu. Mgeni rasmi alikuwa Mtukufu Rais mwenyewe, naye aliwakilishwa na Mnikulu wake, yaani msimamizi wa Ikulu, Bwana Tindwa, mtu mwembamba aliyezoea kutembea kinyumenyume kwa heshima hata akiwa peke yake.

Dkt. Siwema aliambiwa aeleze kwa lugha ya mwananchi. Akaeleza kwamba ndani ya kila chembe ya mwili wa mtu mna protini, nazo huchakaa. Ipo protini moja ambayo kazi yake ni kuzipachika zilizochakaa alama ndogo, alama ambayo wataalamu huiita ubikwitini. Iliyokwisha kupata alama huchukuliwa, husagwa, na mwili hubaki safi. Kingamwili iliyomo katika chupa humwonyesha mtafiti kama huyo mweka alama yupo au hayupo.

Makofi yalikuwa mengi. Mnikulu Tindwa alirudi Ikulu kinyumenyume, akasimulia, na kabla jua halijazama gari jeusi likamfuata Siwema.

Mtukufu alikuwa ameketi kwenye kiti chenye ngazi. Umri wake ni siri ya taifa, nasi si wachimbaji. Itoshe kusema kwamba mkono wake wa kulia hucheza kidogo, ndiyo maana yupo afisa wa jeshi mwenye nyota begani, Kapteni wa Kikombe, ambaye humshikia chai na kumsogezea mdomoni kwa saluti.

"Huyo mweka alama," alisema Mtukufu, "aliteuliwa na nani?"

"Hakuteuliwa, Mtukufu. Yupo tu, kwa maumbile."

"Yupo tu." Mtukufu alimtazama Mnikulu, kisha Mkuu wa Masikio, yule anayesikiliza kwa niaba ya taifa. "Anazunguka ndani ya wananchi wangu. Anaamua nani amechakaa. Anamtia alama na kumpeleka akasagwe. Bila kikao. Bila mimi kujua."

"Ni protini, Mtukufu."

"Wote huanza hivyo," akasema Mtukufu.

*

Amri ilikuwa fupi: Baraza zima la Mawaziri lipimwe, ajulikane anayemficha mweka alama. Dkt. Siwema alisema hapana. Alisema kingamwili ni ya watoto wa Kidete, na kwamba kila aliye mzima anayo protini hiyo. Mkuu wa Masikio aliyeletwa kumsimamia alikuwa amekaa naye bega kwa bega. Akauliza polepole:

"Hata mimi?"

"Hata wewe, kaka."

Alihamisha kiti chake hadi kona ya mbali. "Basi mimi nitapimwa mwisho," alisema. "Anza."

Ikabidi aanze, maana mlangoni walisimama askari. Kazi yenyewe haina miujiza. Sampuli ya damu hutandazwa, huhamishiwa kwenye kitu kama karatasi, hutiwa tone la kingamwili, na mwisho hutokea mistari myeusi. Mstari wa juu ndio mweka alama. Mstari wa chini ni wa protini nyingine ambayo kila damu inayo. Huo huwekwa kwa makusudi, ili mtu ajue kwamba hapa kweli pana damu na kazi imefanyika sawasawa. Kila tone lililodondoka kwa ajili ya waziri lilimkata Siwema maini. Alikuwa akihesabu watoto moyoni: tone la huyu, tone la yule.

Mistari ikatokea yote, juu na chini, myeusi, minene, ya watu wenye afya. Siwema aliandika kwa herufi kubwa: HII NI HALI YA KAWAIDA. Redio ya Taifa ikasoma: "Imebainika kwamba ni hali ya kawaida kwa Baraza zima kumficha mweka alama."

Hapo ndipo Daima ilipoonyesha ustaarabu wake. Kwa kuwa mawaziri ni watu wenye shughuli nyingi, damu walizokuwa wamepeleka si zao. Walikuwa wamewakilishwa na madereva wao. Na kwa kuwa haki ni haki, mawaziri wote walikutwa na hatia na kuhukumiwa kifungo, wakawakilishwa gerezani na madereva walewale. Jioni mawaziri walionekana wakijiendesha wenyewe kwenda nyumbani, wakigonga kingo za barabara na kunung'unikia ugumu wa maisha ya mfungwa.

Siwema alilia kwa hasira. Alilia mbele ya sungura, maana ndiye mtumishi pekee wa Serikali aliyekuwapo. Watu wazima wenye watoto walikuwa wamefungwa kwa sababu miili yao inajisafisha, na karatasi iliyowafunga ilikuwa na sahihi yake. Asubuhi alikwenda Ikulu bila kuitwa, jambo ambalo halijawahi kutokea, na mlinzi kwa kutojua la kufanya akampigia saluti.

"Mtukufu," alisema akiwa bado anatweta, "kila aliye mzima anayo. Hata wewe. Jipime uone, kisha uwatoe wale watu."

Kapteni wa Kikombe alifumba macho. Mnikulu Tindwa alitafuta ukuta wa kuegemea, akaukosa. Lakini Mtukufu alinyanyuka nusu, na sauti ikamtoka iliyowahi kuutawala uwanja mzima wa mpira.

"Mimi? Mimi niliyeanza kabla ya kila kitu? Nipimwe! Taifa lione!"

"Mtukufu atapimwa," alisema Mnikulu haraka haraka, "na damu ya Mtukufu itawakilishwa."

*

Heshima ya kuiwakilisha damu ya Mtukufu ilikuwa kubwa mno, na kila aliyepewa aliona haimstahili. Makamu wa Rais alitokwa machozi ya shukrani, akampasia Spika. Spika akaitambua kuwa ni heshima ya mhimili mwingine, akampasia Jaji Mkuu. Jaji Mkuu alikuwa na mafua. Kila mmoja aliiona akilini ile mistari miwili, akaona na jela nyuma yake, akamtazama aliye chini yake kwa upendo. Kichupa cha kutolea damu kikashuka ngazi za Ikulu, cheo kwa cheo, kikapita ofisi ya wapiga ngoma na ya wakata majani, hadi kikafika jikoni kwa mpishi, Bi Mwanakheri, ambaye chini yake hakuwa na mtu. Alikuwa na sufuria tu. Ndani ya sufuria mlikuwa na sharubati nyekundu ya unga, ya wageni wa mchana. Bi Mwanakheri alimwomba Mungu msamaha, akachota.

Kichupa kikaletwa maabara kwa pikipiki za king'ora, Mnikulu akikisindikiza. Siwema alikifungua, na chumba kikanukia sikukuu. Akasogeza pua.

"Damu ya Mtukufu hainuswi!" alifoka Mkuu wa Masikio kutoka kona yake.

Akapima. Tone jingine likaenda. Mstari wa juu haukutokea. Mstari wa chini nao haukutokea. Palikuwa peupe, peupe kabisa, kama hakuna kilichowahi kuishi pale. Siwema alimvuta Mnikulu Tindwa kando ya jokofu.

"Kaka, hii si damu."

Mnikulu alikitazama kichupa kwa mbali. "Ni nyekundu?"

"Nyekundu, ndiyo."

"Basi imewakilisha vizuri." Alimkamata mkono kwa mikono yake miwili. "Dada yangu, mimi nina mama mzee na shamba la mihogo. Andika ulichokiona, usiandike usichokiona. Nakuomba."

Naye akaandika ukweli mtupu: "Protini haikuonekana."

Daima ikalipuka kwa shangwe. Redio ilitangaza kwamba katika nchi nzima ni mtu mmoja tu asiyemficha mweka alama. Shule zilifungwa ili watoto wafurahi. Waziri wa Afya, Furaha na Mazishi, ambaye kisheria alikuwa jela, alihutubia mkutano wa hadhara na kusema: "Ndugu wananchi, wengine wote sisi tumeumbwa na kasoro hii ya kujisafisha. Mtukufu pekee ndani yake hakitupwi kitu! Kila kilichowahi kuingia kingalimo!" Watu walishangilia, na wengine walishangilia zaidi kuliko ilivyotakiwa, wakaandikwa majina.

Katika chupa likabaki tone moja. Siwema aliliinua kwenye mwanga na kulitazama. Halikutosha bonde zima. Lilimtosha mtoto mmoja, na simu ya mama Chausiku ilikuwa inaita tena.

*

Siku chache baadaye Mtukufu alimwita Siwema faragha, yaani wakiwa na Mnikulu, Kapteni wa Kikombe na walinzi tu.

"Daktari," alisema kwa upole ambao hakuna aliyeujua, "hao watoto wa kwenu uliokuwa unawasemea. Hawana mweka alama kama nisivyo naye mimi?"

"Nadhani hawana, Mtukufu. Sijapata nafasi ya kupima."

"Na mtu asiye naye, mwisho humpata nini?"

Siwema angeweza kunyamaza. Alimkumbuka Chausiku akinyweshwa kama kinda, akasema yote. "Uchafu hujaa ndani, Mtukufu. Hautoki. Mkono huanza kucheza. Vidole hukakamaa. Mwisho hawezi hata kushika kikombe."

Wote, bila kupanga, walikitazama kikombe. Kapteni alikuwa amekishika kwa mikono miwili, nyota zake zikimeremeta. Mtukufu alikitazama kwa muda mrefu kuliko wote, kisha akautazama mkono wake uliokuwa unacheza juu ya goti kama una wimbo wake peke yake. Kwa mara ya kwanza Siwema alimwonea huruma, na alijikasirikia kwa huruma hiyo.

"Dawa ipo?"

"Ipo ng'ambo ya mto. Lakini wanataka kipimo chenye mistari sahihi: wa chini uonekane, wa juu usionekane. Kile cha kwanza hawatakikubali, maana hakina hata wa chini."

Mnikulu Tindwa alikohoa hadi akakosa pumzi.

"Basi nipimwe tena!" alisema Mtukufu.

Mnikulu alimfuata Siwema hadi maabara, akafunga mlango, akaketi chini sakafuni karibu na sungura. Hali ilikuwa hivi, alisema: ikipelekwa sharubati, mstari wa chini hautatokea na ng'ambo watauliza. Ikipelekwa damu ya mtu yeyote wa Ikulu, mstari wa juu utatokea, Mtukufu ataonekana anamficha mweka alama, na yeye Tindwa ataozea jela kwa mwili wake mwenyewe, maana hakuna atakayekubali kumwakilisha. Ilitakiwa damu ya mtu hai isiyo na mstari wa juu.

"Na damu hiyo, dada yangu, itapatikana wapi katika dunia hii?"

"Naijua ilipo," alisema Siwema. "Lakini mwenye damu ana miaka saba, na damu yake haiendi ng'ambo peke yake. Inakwenda na mwenyewe. Akapimwe na kutibiwa kwa niaba ya Mtukufu, hadi apone."

Mnikulu alifikiri. Lilikuwa jambo la kichaa, na kwa hiyo alilielewa haraka. "Mtukufu atapona kwa niaba," alisema, akiyaonja maneno. "Kisheria hakuna ubaya. Lakini una hakika na hiyo damu?"

"Sina," alisema Siwema. "Nina tone moja."

*

Mama Chausiku alimleta mtoto mgongoni, ingawa miguu yake mirefu ilikuwa inaning'inia nje ya kanga. Chausiku alitoa mkono bila kulia. Kisha akamwona sungura.

"Ana muhuri sikioni."

"Ni mtumishi wa Serikali huyo," alisema Mnikulu Tindwa. "Mwamkie."

"Shikamoo," alisema Chausiku. Sungura hakuitika, kama walivyo wakubwa wengi.

Tone la mwisho lilidondoka, na chupa ikawa tupu. Sasa ilikuwa kungoja tu. Kama mstari wa juu ungetokea, basi Siwema alikuwa amekosea tangu mwanzo: ugonjwa ungekuwa mwingine, hospitali isingempokea mtoto, na yeye na Mnikulu wangemaliza siku zao pabaya. Mnikulu alikuwa anatembea kinyumenyume kuizunguka meza. Mama Chausiku alikuwa amemshika mwanawe vidole, akivikunjua kimoja kimoja, navyo vikijikunja tena.

Mstari wa chini ukajitokeza, mweusi, wazi. Pana damu. Pana mtu.

Juu yake hapakuwa na kitu. Siwema alisubiri, akasubiri tena, akaisogeza karatasi kwenye taa. Hapakuwa na kitu. Alikuwa amemthibitishia mama kwamba mwanawe ana upungufu mkubwa mwilini, na alitaka kucheka, na alitaka kulia, akafanya yote mawili.

"Imekuwa vibaya, mwanangu?" aliuliza mama.

"Imekuwa vibaya, mama. Mshukuru Mungu. Fungeni mizigo."

*

Mtukufu aliyapokea mapendekezo kwa utulivu. Sindano hakuzipenda, ndege zilimtia kichefuchefu, na tangu ujana hakuwahi kufanya jambo gumu yeye mwenyewe. Aliuliza swali moja tu, kama kweli atapona. Mnikulu akamjibu kwamba atapona kikatiba.

Hospitali ya ng'ambo ya mto ilipopokea karatasi, ilipiga simu siku ileile. "Hapa karatasi zinasema mgonjwa ni Mkuu wa Nchi. Mbona ana miaka saba?"

"Umri wa Mtukufu ni siri ya taifa," alisema Mnikulu Tindwa, akakata simu.

Lakini Dkt. Siwema, tulisema tangu mwanzo, ni msumbufu. Alirudi Ikulu akasema Chausiku anaweza kuuwakilisha mkono wa kulia tu, maana ndio alioanza nao. Je, mkono wa kushoto wa Mtukufu uachwe ukakamae? Magoti je? Mtukufu alishtuka. Ikaamriwa kila kiungo kipate mwakilishi wake kutoka Bonde la Kidete, na kila mwakilishi apimwe kwa chupa mpya kwa gharama ya Ikulu. Chupa zilipofika forodhani, Afisa aliuliza sungura wako wapi. Safari hii waliletwa kwa lori.

Msafara wa viungo vya Mtukufu ulihitaji madereva, na madereva wote wazuri walikuwa jela. Hapo Siwema alisema hasafirishi mtoto hata mmoja na waziri akiwa kwenye usukani. Hoja hiyo hata Mkuu wa Masikio aliikubali, kwa kuwa alikuwa amegongwa. Madereva wakatolewa. Kifungo lakini hakikufutwa, maana Daima haifuti kitu. Wale sungura wa kwenye lori wakaingizwa gerezani kwa niaba, wakapewa sare, na tunasikia wameongezeka sana.

Mawaziri wangali mawaziri.

Wiki zikapita. Siku moja simu ya Siwema ikaita, na mama Chausiku alikuwa anaongea na kucheka na kupiga kelele kwa pamoja, hata ikawa shida kumwelewa.

"Amekishika! Mwanangu, amekishika kikombe mwenyewe! Amemwaga, amejiunguza kidogo, lakini amekishika!"

Siwema aliketi palepale kwenye ngazi za maabara. Jioni Redio ya Taifa ikakatiza matangazo yake: "Taifa linaarifiwa kwa furaha kwamba leo asubuhi Mtukufu Rais amemwaga chai yeye mwenyewe." Mizinga ikapigwa. Ikulu, Mtukufu aliisikia habari hiyo mara mbili, akatabasamu, akaunyoosha mkono wake wa kulia uliopona. Kapteni wa Kikombe akaukwepa kwa ustadi, akamnywesha.

Kesho yake Mnikulu Tindwa alifika maabara. Hakuja kinyumenyume. Alikuja kama mtu anayekwenda mahali. Alimkuta Siwema amejiinamia, akavuta kiti.

"Viungo vimekwisha, kaka," alisema Siwema. "Mikono, magoti, viwiko, vidole vyote vya mikono na miguu. Jana nimetumia masikio. Na kule bondeni watoto bado wapo."

"Wengi?"

"Wengi. Mwili wa mtu mmoja hauwatoshi."

Mnikulu alijikuna kidevu. Alikuwa amekonda zaidi, lakini uso wake ulikuwa na kitu kipya ambacho hatutakitaja, tusije tukamponza.

"Meno," alisema. "Hatujagusa meno."

Siwema aliinua kichwa. "Mtukufu ana meno mangapi? Yake mwenyewe?"

"Yake mwenyewe hayapo siku nyingi," alisema Mnikulu Tindwa, akichomoa kalamu. "Yanawakilishwa. Niandikie kinywa kizima, dada yangu."